Hasara ya Jaribio na Iwe ya Nani?

Kila yanapozungumzwa mambo ya ujenzi katika nchi yetu, aghalabu lawama humwangukia fundi, kwamba ameikataa elimu mpya kwa ukaidi na kwa kung'ang'ania ada ya waliomfunza. Nami kauli hiyo siikubali, kwa kuwa haina insafu, na maadamu tunaishikilia hatutaifikia asili ya tatizo.

Natuyatazame matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, uliyahimiza sana. Udongo huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali likafunikwa na kunyweshwa maji siku kadhaa. Halichomwi, basi hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri, na kwa kuwa kila moja lina kinundu na kishimo cha kumshika mwenziwe, ukuta hupanda pasipo saruji ya kuunganishia. Walakini fundi aliyezoea tofali la saruji huusahihisha ukuta wake kila kozi, akizidisha hapa na kupunguza pale mpaka timazi na pimamaji vikubaliane, ilhali tofali la kufungamana halimpi nafasi hiyo: kozi ya kwanza ikiinama kidogo tu, kosa hupanda pamoja na ukuta hadi kwenye lenta. Fundi huyo hulipwa kwa idadi ya matofali aliyoyajenga. Siku anazojifunza hazimpatii posho ya watoto, na ukuta ukipinda ataubomoa kwa gharama yake mwenyewe.

Mwenye nyumba naye hujenga kidogo kidogo, kadiri riziki inavyomjia, na tofali la saruji hulipata njiani kila aendako, bali hili jipya lataka udongo upimwe kwanza na mashine ikodishwe. Mkandarasi wa serikali ndiye aliyefungwa zaidi, kwa sababu akipendekeza njia isiyoandikwa katika mkataba hungoja idhini ya mhandisi mshauri, na siku za kungoja huenda zikahesabiwa kuwa ni ucheleweshaji wake. Na si mkataba tu unaofunga, bali hata kanuni: jirani zetu wa Kenya walikaa na kanuni za ujenzi za 1968, zilizofuata mtindo wa Kiingereza, hadi zilipofanyiwa marekebisho mwaka 1995 ili kuvipa nafasi vifaa vya kienyeji.

Almuradi, hasara ya kila jaribio tumemtwika yule asiye na akiba, kisha twamshangaa kwa kuogopa. Serikali, ambayo kila mwaka hujenga madarasa na zahanati, ndiyo yenye uwezo wa kuibeba. Basi kila halmashauri na itenge walau jengo moja lijengwe kwa matofali ya kufungamana, mafundi wa kata lilipo jengo hilo walipwe ujira wa kutwa wakati wanapojifunza chini ya mhandisi, na kozi itakayopotoka ibomolewe kwa fedha ya umma, pasipo kumkata fundi hata senti moja.