Kipaji cha Mtoto Hakinunuliwi kwa Mkopo

Kuna tabia mbili zimeota mizizi katika nyumba zetu za mijini, na zote mbili zinaniudhi kwa kiasi kimoja. Ya kwanza ni ya mzazi anayekopa huku na huko ili mwanawe aonekane Jumamosi asubuhi kwenye kuogelea, mchana kwenye kinanda na Jumapili kwenye karate, hali kodi ya nyumba haijalipwa na umeme wa luku umekwisha tangu juzi. Ya pili ni ya mzazi anayekunja mikono na kusema hayo ni mambo ya watoto wa wenye nazo; wa kwake atosheke na shule, akirudi akae mbele ya televisheni mpaka usingizi umchukue. Wazazi hawa wakikutana njiani hudhani wanapingana. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wote wameamini uongo mmoja: kwamba kipaji cha mtoto ni bidhaa ya dukani, mwenye fedha hununua na asiye nazo hutazama. Uongo huo leo tuung'oe. Malezi ya mtoto baada ya saa za shule yanataka kwanza utaratibu, pili muda wa mzazi, tatu ushirikiano wa majirani. Fedha inakuja ya nne, nayo ina kipimo chake, ambacho ni mfuko wa nyumba.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba mtoto anahitaji kucheza, kuimba, kuchora na kujifunza kazi ya mikono. Hilo tunalijua sote. Dini zetu zimetufundisha kwamba mtoto ni amana, na aliyepewa amana ataulizwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imeliweka wazi: inapohesabu mambo ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto, haki ya kucheza na kupumzika imo katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Waganga wa dunia, kupitia Shirika la Afya Duniani, wanashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Basi asiseme mtu kwamba ni anasa. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefika miaka kumi na minane bila kushika sindano, ngoma, mpira wala kitabu kisicho cha mtihani, atakunjwa na nani tena?

Nianze na wewe unayekopa, kwa sababu nia yako ni njema na ndiyo maana kosa lako linauma zaidi. Chukua daftari, kwani wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tufanye nyumba yako ina kipato cha shilingi 700,000 kwa mwezi na watoto watatu. Kila mtoto akiandikishwa darasa moja tu la shilingi 40,000 kwa mwezi, hiyo ni 120,000. Ongeza nauli, fulana na viatu, tuseme 60,000, jumla ni 180,000. Umekwisha kupita robo ya kipato chako kabla hujanunua kilo moja ya unga. Ukienda kuziba pengo kwa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu, ukachukua laki moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, basi ukilipa riba peke yake kwa miezi mitano umelipa laki nzima na deni bado limekaa palepale. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga hayo huyaona mtoto mwenyewe: baba na mama wanagombana usiku, muhula wa pili ada ya darasa inakosekana, anatolewa katikati ya mafunzo, aibu inabaki kwake. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, na darasa la kuazima halijengi kipaji.

Lakini hata fedha ingekuwapo, bado ningekuuliza: mambo matatu kwa wiki ni ya nini? Mshika mbili moja humponyoka. Aliyeshika tatu je? Mtoto hujenga kitu kwa kukirudia. Anayepiga kinanda kidogo, anayeogelea kidogo, anayepiga mateke kidogo, mwisho wa mwaka ana picha nyingi katika simu ya mama yake na hana hata jambo moja analoliweza. Mchagulie, au afadhali mchague naye, jambo moja kwa mwaka mzima. Akilipenda, liendelee. Akilichoka baada ya mwaka, mtabadilisha bila hasara kubwa. Kwa kanuni hiyo nyepesi, gharama inashuka na faida inapanda, na kina mama wetu, ambao kwa kupima na kubana matumizi hawana mfano duniani, wanaielewa kabla sijaimaliza kuisema.

Sasa nikugeukie wewe unayesema, “Hatuna uwezo.” Wapo ambao kweli hawana, na hao Mungu awape riziki, sitawaongezea mzigo. Lakini wengi wanaolisema neno hili nawaomba wafungue daftari lilelile. Kadi ya mchango wa harusi ikiingia, shilingi 50,000 hutoka bila kusita, maana mtu anaogopa kusemwa. Ukitoa mchango mmoja wa namna hiyo kila mwezi, mwaka unaisha umetoa 600,000, mbali na sare ya kitenge, mbali na sherehe ya kumuaga bibi harusi. Darasa la 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka, na zinabaki 120,000 za viatu na nauli. Sisemi tuache kuchangiana. Jamii isiyochangiana imekufa. Nasema mtoto wako hana kadi ya kukuletea, ndiyo maana anasahauliwa. Na kuna hili la mahafali ya chekechea: mtoto wa miaka sita anavishwa joho na kofia, anakatiwa keki, anakodishiwa ukumbi kwa sababu amejua kuhesabu mpaka mia moja, kisha wiki inayofuata mzazi huyohuyo analalamika kwamba hana fedha ya kumnunulia rangi za kuchorea! Bandu bandu huisha gogo, nasi gogo letu tunalimaliza kwa sherehe.

Tena si kila jambo jema lina ada. Serikali ilipofuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na baadaye kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, ilifuta ada, haikufuta ulezi. Shule zetu za umma zina UMITASHUMTA kwa za msingi na UMISSETA kwa sekondari, mashindano yanayoanzia chini mpaka ngazi ya taifa, ya michezo na sanaa pia. Ni wazazi wangapi wamewahi kwenda shuleni kuuliza mtoto wao anaweza kuingia timu gani? Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto, na mikoa ina maktaba zake. Kanisani kuna kwaya ya watoto, na huko ndiko wengi walikojifunza sauti nne bila kulipa senti. Madrasa ina kasida na dufu, na inamfundisha mtoto kusoma mbele za watu bila kutetemeka. Kuna skauti. Kuna bao na drafti barazani. Kuna fundi cherehani mtaani, fundi seremala, bibi anayesuka ukili, mwalimu mstaafu anayeshinda peke yake na hazina yake kichwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, piga hodi, msalimu mzee huyo kwa heshima, umwombe saa mbili za Jumamosi. Wengi watakubali kwa furaha.

Na pale panapohitaji malipo, kidole kimoja hakivunji chawa. Nchi hii imejaa vikoba. Kina mama wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana na kugawana mwisho wa mwaka, na hesabu zao hazikosei. Kwa nini akili hiyohiyo tusiitumie kwa watoto? Wazazi 20 wa mtaa mmoja wakitoa 10,000 kila mmoja kwa mwezi, zinapatikana 200,000. Mwalimu wa mpira, wa ngoma au wa kushona apewe 120,000 kwa Jumamosi zake nne, na 80,000 zinunue mipira, nyuzi na vitambaa. Kile ambacho peke yako ulikilipia 40,000, sasa unakipata kwa robo, na mtoto wako anacheza na watoto wa jirani. Tena mnamjua mwalimu, mnakaa kwa zamu kuangalia, hakuna anayemkabidhi mtoto kwa mtu asiyejulikana kwa sababu ya urahisi wa bei. Hapo msilegee hata kidogo.

Najua kuna wenye hoja zao, nami nitawajibu kwa heshima. Wa kwanza watasema masomo kwanza, na kama kuna shilingi ya ziada iende kwenye tuisheni. Mtoto aliyeachwa nyuma katika hesabu asaidiwe, hilo silipingi. Lakini tuisheni ya asubuhi kabla ya shule, ya jioni baada ya shule na ya likizo nzima imekuwa kodi ya hofu, tunailipa kwa sababu jirani anailipa. Wenzetu wa Kenya waliona ubaya huo, wakayapiga marufuku masomo ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Akili isiyopumzika haishiki, na mwalimu yeyote mkweli atakuambia hivyo.

Wa pili watasema vya bure na vya bei nafuu havimfikishi mtoto mbali. Lakini mwanariadha Filbert Bayi alitoka vijijini Karatu, ambako hapakuwa na klabu za kulipia, na mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwanasoka Mbwana Samatta ni kijana wa Mbagala. Alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk, mpaka mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya England, akiwa na Aston Villa. Mtaniambia hao ni wachache. Kweli, ni wachache, na hata wanaolipa mamilioni wanaofika huko ni wachache vilevile! Wengi wetu hatulei mabingwa. Tunalea watu wazima wenye afya, nidhamu na jambo la kufanya na mikono yao. Kwa lengo hilo, mpira wa mtaani unatosha. Yapo machache yanayostahili kulipiwa kwa sababu yanahitaji mtaalamu, na kuogelea ni mojawapo, hasa kwa sisi wa pwani na wa ziwani, maana maji yanaua watoto. Hayo yawekewe akiba, polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mpira wa mtaani utachezwa wapi? Hapa siwezi kunyamaza. Viwanja vya wazi vya mitaa yetu vimegeuzwa fremu za maduka, gereji, baa na maegesho ya magari, na viongozi wa mitaa wanatazama, wengine wamesaini. Kisha tunashangaa kwamba michezo imekuwa ya kulipia! Aliyemnyang'anya mtoto uwanja wa bure ndiye aliyempandishia mzazi gharama. Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, ulifunguliwa mwaka 2015 uwanja wa vijana unaoitwa kwa jina la Rais mstaafu Kikwete, na tangu hapo umeonyesha kwamba penye nia pana njia hata katikati ya jiji. Tuulize kwenye mikutano ya mtaa: kiwanja chetu kiko wapi, nani amekitoa, na kitarudi lini? Kuuliza ni haki yetu.

Ndugu zangu wazazi, nyinyi ni watu wa kujinyima. Mmeuza mashamba na khanga ili watoto wasome, nanyi mnalidai taifa shukrani. Nguvu hiyo iongozeni vizuri. Mwezi huu kaeni mezani, mume na mke, na aliye peke yake akae na ndugu anayemwamini, muandike kinachoingia na kinachotoka. Mtengeeni mtoto fungu lake kabla ya fungu la sherehe, hata likiwa elfu kumi. Mchagulieni jambo moja. Nendeni shuleni mkaulize, muwaite majirani mkubaliane. Msikope kwa ajili ya kuonekana, wala msijifiche nyuma ya umaskini mkiwa na nguvu ya kuinuka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hutoza ada kubwa kuliko darasa lolote.