Gari la Marehemu: Lifufuliwe au Liuzwe?

Nyumba na shamba vikirithiwa, kila mtu hujua la kufanya. Gari kuukuu likirithiwa, huzua mabishano. Chukua mfano wa familia ya Kisugu iliyoachiwa Peugeot 404 na mzee aliyestaafu kazi. Mwana mkubwa ataka lifufuliwe kwa heshima ya babaye. Mdogo wake ataka liuzwe, karo ipatikane. Msimu wa mvua unapita, wa pili unaingia. Mabishano hayapungui, bali gari lapungua.

Mapenzi yao yana sababu. Gari la aina hiyo lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, nalo likashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Hata hivyo, sifa za gari lililoshinda haziwezi kuziba matundu ya gari lililooza uani.

Jambo la kwanza ni haki. Kwa sheria ya Uganda, mali ya marehemu haiuzwi kabla ya kupatikana msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria. Mjane ana fungu lake, na watoto wote wana lao. Anayeng'oa injini na kuiuza kwa siri awadhulumu wenzake. Logibuku nayo itafutwe mapema, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni bodi. Wengi huanza na injini, nao hukosea. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, na Katwe haikosi mafundi wa chuma. Lakini saluni ya 404 haina chesisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wake wa mgongo. Fundi achukue bisibisi, achomechome sakafu na sehemu za chini ya milango. Ikipenya kwa urahisi, kutu imekula mfupa, na gharama yaweza kupita thamani ya gari. Ikigonga chuma kizima, matumaini yapo.

Jambo la tatu ni hesabu. Fundi aandike bei ya kila kitu: breki, matairi, nyaya, vioo na rangi. Fedha hizo zisichotwe katika karo wala katika matumizi ya mjane. Naye askari anayeweza kuhamishwa kikosi wakati wowote ajiulize ni nani atakayelitunza akiwa mbali.

Wakiamua kuuza, wasimwite kwanza mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulipima kwa kilo. Gari lenye vipuri vyake na hati zake lina wateja wake. Wakiamua kulifufua, waliezekee leo, wala wasiwashe injini iliyolala miaka mingi kabla ya kubadili oili na petroli. Lililo baya kuliko yote mawili ni kuahirisha: kutu haingoji kikao cha ukoo.