Kijana na Kitabu Akipendacho

Husemwa na wakubwa, darasani na barazani, kwamba vijana hawapendi kusoma. Shutuma hii ni nyepesi kutamka na nzito kuthibitisha. Kijana yule yule anayesinzia juu ya kitabu cha mtihani hukesha na hadithi ya upelelezi aliyoazimwa na mwenzake. Basi kisichopendwa si kusoma, ni kusomeshwa.

Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, na mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Wako wanaozibeza hadithi za namna hii na kuziita porojo. Lakini Bwana Msa humzoeza msomaji kupima ushahidi, kutoridhika na uvumi na kungoja hoja itimie. Je, ni somo gani shuleni lililo bora kuliko hilo?

Hapana ubishi kwamba Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni johari. Lakini johari ikigeuzwa maswali na majibu ya kukariri, huwa kokoto kinywani mwa mtoto. Hutemwa siku ya mtihani, na kitabu hakifunguliwi tena. Hasara hiyo ni ya Shaaban Robert kabla ya kuwa ya mtoto.

Mwalimu ana haki ya kushauri. Hana haki ya kudharau. Kabati la maktaba na lifunguliwe, mtoto achague, akosee, achague tena. Ngazi hupandwa kwa kidato cha chini. Anayekiondoa asishangae kuona juu hakuna mtu.