Mtoto anayejichafua ni mgonjwa, si mchafu



Leo tuseme lile tunalonong'onezana jikoni tu: mtoto wa miaka 5, 6 au 7 anayejinyea nguoni. Jibu la wengi huwa fimbo, jina la utani, au kuzuiwa asiende chuoni asije akanajisi mikeka. Sisi hatukubaliani nalo.

Mtoto aliyepita miaka 4 akiendelea kujichafua, mara nyingi chanzo ni kufunga choo. Alipata choo kigumu, kikamuuma, akaogopa, akaanza kukibana. Au choo cha skuli hakina maji wala mlango, akajizuia mpaka arudi nyumbani. Choo kikirundikana, utumbo hutanuka na mtoto hupoteza ile hisia ya kutaka kwenda. Kisha choo laini hupenya pembeni na kuvuja bila ya yeye kujijua. Mama hudhani ni kuharisha, akampa dawa ya kuzuia, na tatizo likazidi.

Basi kumpiga ni kumwadhibu kwa jambo asilolihisi, na mwenye khofu hubana zaidi.

Dawa ipo. Mpelekeni hospitali. Daktari akiona kuna choo kilichokwama, huanza na dawa ya kukitoa, kisha ya kulainisha choo, pengine kwa miezi. Tusiikatize mtoto akipata nafuu, maana tatizo hurudi. Wala tusimtie sabuni njia ya nyuma kwa kubahatisha. Nyumbani, kila baada ya kula akae chooni dakika 5 hadi 10, na kama choo ni cha kukaa, miguu aiweke juu ya kigoda. Anywe maji, ale papai, mchicha na kunde. Akipata choo, tumsifu. Akijichafua, tumuoshe bila ya maneno.

Mkiona damu kwenye choo, kutapika, tumbo kuvimba, kukonda au miguu kukosa nguvu, msisubiri.

Nawe biharusi, ukimkuta mtoto wa mumeo na hali hii, usiifanye hadithi ya mtaani. Shauriana na baba yake apelekwe kwa daktari.

Tunajua tahara ndiyo inayotutia aibu. Lakini bedui alipokojoa msikitini, Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba wasimkatize, kisha akaamrisha pamwagiwe ndoo ya maji. Ikiwa mtu mzima alifanyiwa upole ule msikitini, mtoto mgonjwa nyumbani kwao anastahiki zaidi.