Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TanTrade: Tutangazieni kwanza siku ya viza

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni muuza dagaa wa Mwigobero, Musoma, ila haya ninayoyaandika yanawagusa pia wasindikaji wenzangu wa Bunda na Butiama.

Mamlaka yako ndiyo inayoandaa Sabasaba, na ndiyo tunayoitazama linapokuja suala la kupeleka bidhaa zetu maonesho ya nje. Nina ombi. Mnapotangaza maonesho hayo, tarehe ya kwanza kwenye tangazo isiwe ya ufunguzi. Iwe ile ambayo mtu anayeanzia Mara anapaswa kuwa ameshaomba viza.

Chukulia maonesho ya vyakula ya Anuga, yanayofanyika Köln, Ujerumani, kila baada ya miaka miwili, mwezi Oktoba. Viza ya Schengen ya kwenda huko huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Uamuzi huchukua siku 15, lakini faili likihitaji kuchunguzwa zaidi zinaweza kufika 45. Basi mtu wa Oktoba anatakiwa awe na pasipoti, bima ya safari ya euro 30,000 na barua ya mwaliko ifikapo Julai, kisha Agosti akatoe alama za vidole. Alama hizo anazitolea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi. Ada ya euro 90 hairudi hata akinyimwa. Tangazo likitoka mwezi mmoja kabla, mwenzetu wa Kariakoo atahangaika na pengine atawahi. Wa Butiama atakuwa amepewa habari za safari ya watu wengine.

Lipo pia suala la benki, na hili ndilo linalonikera zaidi. Ofisa wa viza anataka taarifa ya akaunti ya miezi mitatu au zaidi, na macho yake yamezoea mshahara. Dagaa hawalipi hivyo. Wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, na fedha zinapumzika nayo. Msindikaji wa alizeti wa Bunda anauza sana wakulima wa pamba wakishalipwa, katikati ya mwaka. Akiomba viza Februari, akaunti yake inasomeka kama ya mtu aliyefilisika, ilhali ana mashine, ana wafanyakazi, na fedha zake ziko kwenye simu na kwenye kikoba. Akijieleza mwenyewe, ofisa ana haki ya kumtilia shaka. Barua yenu ya utambulisho ikieleza jinsi biashara ya ziwa na ya pamba inavyokwenda, na jina la mwombaji likiwemo, atasomwa kwa jicho jingine.

Nikitaja jina: huku kwetu Bhoke wa kitambulisho cha NIDA anaweza kuwa Boke kwenye cheti cha kuzaliwa, na duka likasajiliwa kwa jina la Mama fulani. Tunacheka, lakini dirishani hakuna anayecheka. Anayetaka kwenda Oktoba ayanyooshe hayo mwaka mmoja kabla.

Najua utasema tuanzie karibu. Ni kweli, na tungependa. Maonesho ya Jua Kali ya Afrika Mashariki yalikuja Mwanza Desemba 2021, mwaka uliofuata yakawa Kampala. Yakiwa Nairobi, kwetu ni karibu kuliko Dar: unavuka Sirari kwa hati ya dharura ya safari, bila viza. Lakini Nairobi wanakula dagaa wa ziwa hilihili. Mnunuzi tusiyekutana naye yuko mbali zaidi.

Kwa hiyo, orodha ya maonesho ya mwaka ujao ikikamilika, nakala zifike siku hiyohiyo SIDO na TCCIA hapa Musoma, na zibandikwe stendi ya Bunda na ofisi za halmashauri Butiama, kila onesho na siku yake ya viza. Na waombaji wa Kanda ya Ziwa wakitimia ishirini, uombeni ubalozi husika ulete mashine ya alama za vidole Mwanza kwa siku mbili. Nauli ya watumishi wake tuko tayari kuichanga. Haiwezi kuzidi ya watu ishirini kwenda Dar na kurudi.

Wako,
Muuza dagaa, Mwigobero, Musoma