UCHANGANUZI: Pombe ikifika mlangoni, nani atadai kitambulisho?

SERIKALI ya Kenya ilipozindua sera mpya ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya mwezi Julai 2025, mjadala mkali ulizuka kuhusu pendekezo la kuongeza umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Sera hiyo ina pendekezo jingine linalostahili kupimwa kwa makini: kupiga marufuku uuzaji wa pombe kupitia mtandao na kuwapelekea wanunuzi nyumbani.

Biashara hiyo ilishika kasi mwaka 2020. Baa zilipofungwa mwezi Machi ili kuzuia kuenea kwa virusi vya corona, wauzaji waligeukia simu na bodaboda. Baa zilifunguliwa mwishoni mwa Septemba, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kuletewa chupa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliweka saa za kuuza pombe na kukataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Utekelezaji wake hutegemea mwuzaji amwone mnunuzi kwa macho yake.

Hapo ndipo penye pengo. Anayepokea oda kwa simu hamwoni mteja, na malipo ya M-Pesa hayaonyeshi ni nani atakayefungua mlango. Mwendeshaji bodaboda naye, anayelipwa kwa kila mzigo anaoufikisha, atapata hasara akiirudisha chupa dukani kwa sababu amefunguliwa na mwanafunzi.

Hata hivyo, marufuku kamili ina hatari zake. Oda ya simu ni rahisi kufichwa. Ikiharamishwa, huenda ikaendelea kisirisiri, nje ya leseni na kodi. Nayo Kenya inaijua gharama ya pombe isiyokaguliwa: Februari 2024, watu zaidi ya 10 walifariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe haramu.

Lililo bora ni serikali za kaunti, ambazo ndizo hutoa leseni za vileo, kuweka leseni maalumu ya kupeleka pombe. Kitambulisho kikaguliwe mlangoni, mwendeshaji alipwe hata anaporudisha mzigo, na duka linyang'anywe leseni chupa ikikabidhiwa mtoto.

Sera si sheria. Ni Bunge litakaloamua. Lakini uamuzi wowote usiomtaja mwenye duka utamwachia lawama mwendeshaji bodaboda peke yake.