Wana-Kyela, Jumamosi ya Usafi Tusafishe na Kompyuta

Ndugu zangu wa Kyela mjini, Ipinda, Ngonga, Mwaya, Itungi, Kasumulu, Matema na Ikombe, nina ombi kwenu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo nchi nzima hutoka kufagia na kuzibua mitaro, tusafishe pia kompyuta zetu. Nasema zote: ya nyumbani kwako, ya steshenari, ya chama cha ushirika, ya shule na ya ofisi ya kijiji. Na zisafishwe siku hiyo moja, kwa sababu kwa jinsi tunavyoishi huku, kompyuta yako haiwezi kuwa salama ilhali ya jirani ni chafu.

Tazameni safari ya flashi moja. Mwalimu wa Ipinda ametunga mtihani wa muhula kwenye kompyuta yake nyumbani. Printa hana, kwa hiyo anaunakili mtihani kwenye flashi, anapanda bodaboda mpaka mjini na kuingia steshenari. Kijana wa kaunta anaichomeka flashi kwenye kompyuta ileile iliyopokea flashi za watu tangu asubuhi: barua ya mwombaji kazi, ratiba ya mazishi, nyimbo za kwaya, muhtasari wa kikao cha kijiji. Mtihani unachapwa, mwalimu analipa, anarudi. Jioni akiifungua flashi anakuta folda zake zote zipo, ila kila moja ina kamshale kadogo kwenye kona ya chini kushoto, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili tu. Anabofya moja, inafunguka kama kawaida, anaona mitihani yake, anashusha pumzi. Kumbe alichobofya si folda. Ni njia ya mkato iliyotengenezwa na kirusi. Folda halisi imefichwa, na mbofyo ule umefanya mambo mawili kwa mpigo: umemwonyesha mafaili yake, na umekikaribisha kirusi ndani ya kompyuta yake. Tangu hapo kila flashi itakayochomekwa nyumbani kwake, iwe ya mtoto, ya mwalimu mwenzake au ya katibu wa kwaya, itaondoka na ugonjwa.

Wengi wakifika hapo huambiwa na fundi, "Tufomati tu." Msikubali haraka. Mafaili hayajapotea, yamefichwa. Ukiiskani flashi kwa antivirasi iliyo hai, kisha ukaiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, kazi yako kwa kawaida utaikuta yote. Kufomati kunafuta kirusi pamoja na mitihani yako ya miaka yote.

Hali hii tunaijua kwa kipindupindu. Songwe, Kiwira na Mbaka zikifurika, choo kimoja kibovu kinachafua visima vya mtaa mzima, na anayechemsha maji peke yake bado anakula mgahawani kwa mwenzake. Ndiyo maana hatukuwahi kuiachia kila kaya ipambane kivyake. Virusi vya kompyuta navyo vinataka tuvikabili hivyohivyo.

Yupo anayejiambia: mimi sina intaneti nyumbani, wadukuzi watanipatia wapi? Mwaka 2010 wataalamu waligundua kirusi kilichopewa jina Stuxnet, kilichoharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kompyuta za kiwanda kile hazikuunganishwa na intaneti, na inaaminika kirusi kilipenyezwa kwa flashi. Kama flashi ilipita kwenye ulinzi wa kiwanda cha nyuklia, haitashindwa kuingia sebuleni kwetu.

Yupo pia anayesema hatuna cha kuibiwa. Huyo hajaangalia kilichobadilika Kyela. Machi 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza. Kakao yetu huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, yaani AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo siku hizi jasho la mkulima hupita kwenye kompyuta kabla halijafika mkononi mwake: jina lake, kilo zake, namba yake ya simu, akaunti yake ya benki. Orodha hiyo ikifungwa na kirusi wiki ya malipo, hakuna wa kusema kwa uhakika nani alileta kilo ngapi. Ikiangukia mikononi mwa matapeli, watajua nani kalipwa, na watampigia.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kila mwenye kompyuta akatakiwa alipe dola 300 ili afunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji na kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Jambo la kuumiza ni kwamba kinga ilikuwepo: Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa ule mwezi Machi 2017, takriban miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Kazi ya dakika chache iliahirishwa, na gharama yake wakailipa wagonjwa.

Basi tufanye nini Jumamosi hiyo?

Kabla hujashika fagio asubuhi, washa kompyuta na hakikisha Microsoft Defender inafanya kazi. Hii ni antivirasi iliyomo ndani ya Windows 10 na Windows 11, hainunuliwi. Kwenye kompyuta nyingi za huku imezimwa, kwa sababu aliyetuwekea programu iliyokrakiwa alituambia, "Zima antivirasi kwanza." Programu inayokutaka umfukuze mlinzi ndipo iingie, usiikubali, hata kama ni ya bure. Iwashe Defender, isasishe, kisha iamuru iskani kompyuta nzima. Wewe nenda kafagie. Ukirudi utakuta imemaliza au inakaribia.

Najua bando ni ghali, na ndiyo sababu wengi wetu tumezima masasisho. Hapa ndipo ushirikiano unapolipa. Faili la kusasisha Defender hutolewa bure kwenye tovuti ya Microsoft, na laweza kuwekwa hata kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Mtu mmoja kila kijiji alipakue mara moja kwa bando moja lililochangiwa, alibebe kwenye flashi safi na kuwapelekea wengine. Shule zenye kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja zina njia nyingine: Windows inaweza kuruhusiwa kugawana masasisho, moja ikapakua na nyingine zikachukua kwake.

Wenye kompyuta za mtumba tuzitazame kwa makini. Usitumie kompyuta na Windows aliyoiacha mwenye zamani. Piga Windows upya kwanza. Mjue pia kwamba Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Mashine ya namna hiyo haina haja ya kutupwa. Linux Mint ni ya bure, inaandika barua, inafungua jedwali la hesabu na kuingia mtandaoni, na virusi vingi vya flashi vilivyotengenezwa kwa Windows haviiwezi.

Ndugu zangu wenye steshenari, ninyi ndio mlango wa wilaya hii. Kila flashi inapita kwenu, kwa hiyo mkijilinda ninyi, mmetulinda sote. Nawaomba mambo matatu. Flashi ya mteja iskaniwe kabla haijafunguliwa, na bandikeni tangazo ukutani ili mteja asione ameshukiwa. Kijana wa kaunta afanye kazi kwa akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, maana kirusi kinachoingia kwenye akaunti hiyo hukosa nguvu ya kushika mashine nzima. La tatu ndilo zito kuliko yote: futeni nyaraka za wateja. Aliyekuja kuomba mkopo wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa cha RITA au kazi ya serikali kwenye Ajira Portal huacha nyuma nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha, saini na vyeti, na wakati mwingine nywila ya baruapepe imeandikwa kwenye daftari la kaunta. Huyo ni mtu mzima amelala kwenye kompyuta yako, na mwizi anaweza kumtumia atakavyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde na asizitumie kwa jambo jingine.

Na sisi wateja tusiondoke kabla hatujaona kazi yetu imefutwa na pipa la taka la kompyuta limemwagwa. Tutoke kwenye baruapepe tuliyofungua. Tukague simu zetu kama WhatsApp imebaki wazi kwenye kompyuta ya dukani: fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokitambua. Nywila tuziandike wenyewe kwenye kibodi, tusimtajie mtu.

Viongozi na makarani wa AMCOS, orodha za wakulima ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya kazi, ya pili kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa, ya tatu mbali na hapo. Kirusi cha kufunga mafaili hufunga na diski yoyote kitakayoikuta imechomekwa. Na Kyela tunayajua maji. Mto ukiingia ofisini mwezi Aprili hauchagui kati ya kompyuta, flashi na daftari vilivyo kwenye meza moja, kwa hiyo nakala ya tatu ikae kwenye ardhi ya juu au kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyofungwa kwa nywila imara. Mabadiliko ya akaunti ya mkulima yasifanywe kwa ujumbe wala kwa simu. Mkulima afike mwenyewe, atambuliwe, na watu wawili waweke saini.

Walimu, pamoja nanyi vijana mnaosoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na vyuo vingine, mkija likizo tunawahitaji. Mmoja wenu anaweza kuzunguka ofisi ya kijiji, shule na zahanati kwa asubuhi moja na kuacha kompyuta zimesasishwa. Mwonyesheni na mwenyeji wa ofisi namna ya kufanya, ili mwezi unaofuata asisubiri mgeni.

Wenyeviti na watendaji wa vijiji, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Wekeni ajenda hii. Na hapo tuzungumzie na simu, maana kwa wengi wetu simu ndiyo kompyuta ya nyumbani. Tuwaeleze wazazi wetu kwamba ujumbe unaosema ile hela itumwe kwenye namba nyingine ni wa tapeli hata ukija siku ileile waliyokuwa wanatuma hela. Simu ya kwamba mtoto ameanguka shuleni na inahitajika fedha ya matibabu ijibiwe kwa kukata na kumpigia mwalimu kwa namba mnayoijua. Tarakimu sita zinazotumwa na WhatsApp hapewi mtu yeyote, hata ndugu, kwa sababu anayeziomba anakusudia kuihamisha akaunti yako kwake na kuwaomba ndugu zako hela kwa jina lako. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili leo. Pigeni *106# mwone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mkikuta msiyoijua, nendeni kwa mtoa huduma ikafutwe. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040.

Na aliyetapeliwa aseme. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na huku kwetu aibu imewafunga wengi midomo: mama aliyetuma hela ya kakao, mwalimu aliyepoteza mitihani, karani aliyefungua faili asilolijua. Wakinyamaza, mwizi anahamia nyumba ya pili kwa mbinu ileile. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Polisi wanapaswa kupokea taarifa hiyo kama wanavyopokea ya kuvunjiwa nyumba, nasi tusimcheke aliyeumia. Tumsindikize kituoni.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri mradi wala mfadhili. Linalohitajika ni tarehe na watu, na tarehe tunayo tayari. Jumamosi ijayo ya mwisho wa mwezi, washa kompyuta kabla ya kutoka na fagio. Wewe usiye na kompyuta nenda kwa mwenye steshenari unayochapia, umwulize kwa heshima kama ameskani na kama nyaraka zako zimefutwa. Akiulizwa na wateja wengi wiki moja, atafanya. Mtaa mmoja wa Kyela mjini ukianza, Ipinda watafuata, na Matema hawatabaki nyuma.